Bima ya ajali kazini: Ya kuzingatia mwajiri kabla ya kutia saini fomu

MWAJIRI yeyote nchini Kenya, awe mwenye kiwanda cha vyuma chenye mamia ya wafanyakazi au seremala mwenye msaidizi mmoja tu, anatakiwa na sheria kuwa na bima ya kuwafidia wafanyakazi wake wakiumia kazini.

Sharti hilo limekuwepo tangu Juni 2008, ilipoanza kutekelezwa Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi huifahamu kwa kifupisho chake, WIBA. Hata hivyo, kuna wenye biashara ndogo ambao huisikia kwa mara ya kwanza siku msumeno wa umeme unapomkata kijana vidole, au wanapoomba zabuni na kuitishwa cheti cha bima hiyo.

Anayeitafuta kwa ajili ya zabuni huinunua haraka, kwa bei ya chini kabisa awezayo kupata, na hujaza fomu kwa kukisia. Cheti hutolewa, kikafungwa kwenye faili na kusahaulika. Mwenyewe hulala akiamini kwamba amekingwa. Ni pale ajali inapotokea ndipo hugundua kuwa kampuni ya bima haiangalii cheti. Huangalia fomu aliyojaza, na kuuliza kama yaliyoandikwa humo yanalingana na yaliyomo karakanani.

Kabla ya kuieleza fomu yenyewe, yafaa kueleza sheria inamtwika mwajiri mzigo gani, kwa kuwa mzigo huo ndio unaokatiwa bima.

Chini ya sheria hii, mfanyakazi aliyeumia akiwa kazini hahitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Inatosha kuonyesha kwamba ajali ilitokea akitekeleza kazi aliyoajiriwa kuifanya na kwamba ilimletea ulemavu, wa muda au wa kudumu. Akifariki, wanaomtegemea ndio hufidiwa. Mfanyakazi aliyejiumiza kwa utovu wa nidhamu wa makusudi hana haki ya fidia, lakini hata hapo sheria inamhurumia: ikiwa alifariki, au alipata ulemavu wa kudumu wa asilimia 40 au zaidi, kizuizi hicho hakitumiki.

Ajali ya njiani pia huhesabiwa iwapo mfanyakazi alikuwa akisafirishwa na gari lililotolewa na mwajiri kumpeleka kazini au kumrudisha nyumbani. Mkulima wa maua anayewabeba vibarua wake kwa lori alfajiri, kwa mfano, amekwisha kubeba jukumu hilo kabla hata hawajashika jembe. Anayekuja kazini kwa matatu kwa nauli yake mwenyewe hayumo katika kifungu hicho.

Malipo yenyewe si madogo. Mfanyakazi akishindwa kabisa kufanya kazi kwa siku tatu au zaidi, anafaa kuendelea kulipwa kiasi kinachotoshana na mapato yake kwa muda usiozidi miezi 12. Akipata ulemavu wa kudumu, hesabu hufanywa kwa kuchukua mapato yake ya miezi 96, yaani miaka minane, kisha kuzidisha kwa asilimia ya ulemavu iliyotajwa na daktari kwa kufuata jedwali lililoambatishwa kwa sheria. Akifariki, wategemezi hupata mapato ya miezi 96, mbali na gharama za mazishi. Juu ya hayo yote kuna matibabu: hospitali, dawa, upasuaji, viungo bandia na usafiri wa kwenda kutibiwa.

Magonjwa yatokanayo na kazi pia yamo. Aliyevuta vumbi au kemikali kazini kwa miaka na akaugua moja ya maradhi yaliyoorodheshwa katika sheria ana haki ya kudai kama aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi.

Kwa muda mrefu waajiri na mawakili walivutana kuhusu sheria hii. Chama cha Wanasheria Nchini, LSK, kilikwenda mahakamani kuipinga, na Machi 2009 Mahakama Kuu ikabatilisha vifungu kadhaa. Mahakama ya Rufaa ilivirejesha vingi kati ya hivyo Novemba 2017, na mnamo Desemba 3, 2019 Mahakama ya Juu ikauunga mkono uamuzi huo wa rufaa. Matokeo yake ni kwamba leo mfanyakazi aliyeumia hamshtaki mwajiri wake moja kwa moja mahakamani akidai ridhaa. Dai lake huanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, aliye chini ya Wizara ya Leba.

Uamuzi huo uliwapa waajiri afueni, kwa kuwa sasa kiasi wanachoweza kudaiwa hukadiriwa kwa kanuni inayojulikana. Lakini haukuwaondolea sharti la bima. Mwajiri asiyekuwa nayo anatenda kosa, na akipatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa jela kwa muda usiozidi miezi mitatu, au adhabu zote mbili. Na hata akishalipa faini, fidia ya aliyeumia bado inamsubiri, na itamtoka mfukoni mwake.

Swali ambalo mwenye biashara anafaa kujiuliza kwanza ni nani hasa anahesabiwa kuwa mfanyakazi wake. Hapa ndipo wengi hupotea njia.

Sheria ya zamani ya fidia, iliyokuwa Sura ya 236, iliwaacha nje baadhi ya watu kwa kuangalia aina ya kazi na kiwango cha mshahara. Ya sasa inamtambua kila aliyeajiriwa kwa mkataba wa kutoa huduma kwa ujira, pamoja na mwanagenzi anayejifunza kazi. Mkataba huo si lazima uwe umeandikwa. Kijana anayefika asubuhi, akapewa nyundo na kuambiwa la kufanya, kisha jioni akalipwa, ameajiriwa siku hiyo. Na chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa jumla ya siku zisizopungua mwezi mmoja huchukuliwa kama mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi, hata kama mwajiri anaendelea kumwita kibarua.

Mpwa wa mwenye duka anayelipwa kuuza, mpishi wa hoteli ya kijijini, mlinzi wa usiku na yaya wa nyumbani, wote ni wafanyakazi. Kwa hao wa nyumbani, kampuni nyingi huuza bima ya nyumba iliyo na sehemu ya kuwakinga watumishi, na mwenye nyumba anaweza kutimiza sheria kwa kutumia hiyo.

Anayebaki nje, na hili huwashangaza wengi, ni mwenye biashara mwenyewe. Fundi anayemiliki karakana yake na kuchomelea vyuma bega kwa bega na vijana wake si mfanyakazi wa mtu. Cheche zikimwingia jichoni, bima aliyowakatia vijana wake haimlipi yeye. Mwenye biashara ya aina hiyo hana budi kujinunulia bima ya ajali ya kibinafsi, ambayo ni mkataba tofauti. Hali hubadilika kidogo kwa kampuni iliyosajiliwa: kwa kuwa kampuni ni nafsi nyingine kisheria, mkurugenzi wake anayefanya kazi kwa mkataba na kulipwa mshahara anaweza kuorodheshwa pamoja na wafanyakazi wengine. Jambo hilo linafaa kuelezwa waziwazi kwenye fomu, na kampuni ya bima ikubali kwa maandishi.

Wateja na wapita njia nao hawamo. Mbao ikimwangukia mnunuzi aliyeingia kuangalia kitanda, hiyo ni bima ya dhima kwa umma.

Aidha, kuna waajiri wanaodhani kwamba makato ya kila mwezi yanatosha. Michango ya NSSF ni ya uzeeni, na ile ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ni ya matibabu ya mwananchi na familia yake kwa jumla. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo unaomlipa seremala kwa vidole alivyopoteza. Tena michango hiyo mfanyakazi huichangia kutoka kwa mshahara wake, ilhali ada ya bima ya ajali kazini ni mzigo wa mwajiri.

Baada ya kujua anawakinga akina nani, mwenye biashara ana safari mbili za kufanya. Moja ni kwa serikali na nyingine ni kwa kampuni ya bima. Ni kawaida kusahau ile ya kwanza.

Sheria ya WIBA inamtaka kila mwajiri kujisajili kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Sheria nyingine iliyopitishwa mwaka huo huo, ile ya Usalama na Afya Kazini, inataka mahali penyewe pa kazi pasajiliwe. Makao makuu ya idara hiyo yako katika Eneo la Viwanda jijini Nairobi, na ina maafisa katika kaunti. Usajili huu haumpi mtu bima. Faida yake ni kwamba ajali ikitokea, ofisi itakayopokea ripoti na kukadiria fidia tayari inaijua biashara hiyo. Mahali palipo na wafanyakazi 20 au zaidi panatakiwa pia kuwa na kamati ya usalama, na mwenye mahali pa kazi anatakiwa kufanyiwa ukaguzi wa usalama angalau mara moja kila miezi 12 na mshauri aliyesajiliwa. Ripoti ya ukaguzi huo ni kitu cha maana kumwonyesha mwenye kuuza bima, maana ada hutegemea hatari anayoiona.

Safari ya pili ndiyo ya kutafuta kampuni. Kigezo cha kwanza ni leseni. Mamlaka ya Kusimamia Bima, IRA, huchapisha majina ya kampuni, mabroka na mawakala walioidhinishwa, na kulitafuta jina moja humo hakuchukui dakika kumi. Broka humwakilisha mteja na anaweza kuulizia bei katika kampuni kadhaa. Wakala huiuzia kampuni iliyomteua. Vyovyote vile, fedha zilipwe kwa kampuni yenyewe kupitia nambari yake ya malipo au benki, na risiti itolewe kwa jina la biashara. Anayetaka atumiwe kwa simu yake ya mkononi ili "aharakishe mambo" aachwe aende zake.

Uthabiti wa kampuni pia ni wa kuangaliwa, wala si bei pekee. Wakenya wanakumbuka kampuni ya United Insurance ilivyowekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, na Blue Shield mwaka 2011. Kampuni ya bima ikianguka, jukumu la mwajiri kwa aliyeumia halianguki nayo.

Fomu ya maombi huwa ya kurasa chache. Pamoja nayo huitishwa cheti cha usajili wa biashara au kampuni, PIN ya KRA, kitambulisho cha mwenyewe au wakurugenzi, na orodha ya wafanyakazi na mishahara yao. Fomu huuliza aina ya kazi, mashine zinazotumika, kama kuna kazi za kupanda juu, kuchimba chini au kushika kemikali, na ajali zilizotokea miaka iliyopita. Huuliza pia kama kampuni nyingine imewahi kukataa kuikatia bima biashara hiyo. Kisha huja jedwali ambalo ndilo moyo wa fomu nzima: idadi ya wafanyakazi katika kila aina ya kazi na jumla ya ujira wao kwa mwaka.

Ada ya bima hukadiriwa kwa kutoza asilimia fulani ya ujira huo. Karani wa ofisini hutozwa kiwango cha chini, fundi wa mashine cha juu zaidi, na vibarua wa mjengo juu zaidi ya hao. Kwa hivyo kishawishi cha kuandika ujira mdogo, au kumgeuza mchomeleaji vyuma kuwa "mhudumu wa ofisi", hakikosi. Mara nyingine hata wakala mwenyewe hudokeza ujanja huo ili bei ipendeze.

Chukua mfano wa karakana ya samani yenye mafundi wanne wa kudumu wanaolipwa Sh18,000 kila mmoja kwa mwezi. Ujira wao wa mwaka ni Sh864,000. Karakana hiyo pia huita vibarua watatu kila siku ya kazi kubeba mbao na kupiga msasa, kwa Sh800 kwa siku, siku 25 kwa mwezi. Hao nao huchukua Sh720,000 kwa mwaka. Jumla halisi ni Sh1,584,000.

Iwapo kiwango kingekuwa asilimia mbili, ada ingekuwa Sh31,680. Huongezwa tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2, mchango wa asilimia 0.25 wa hazina ya kuwafidia wenye bima ambao kampuni zao zimeporomoka, na ushuru wa stempu wa Sh40. Nyongeza hizo zote hazifiki Sh200. Mwenye karakana akiwaficha vibarua, ada yake inashuka hadi Sh17,280, na anajiona mjanja aliyeokoa Sh14,400.

Sasa kibarua mmoja akatwe na mashine ya randa na daktari akadirie ulemavu wa kudumu wa asilimia 30. Mapato yake ni Sh20,000 kwa mwezi. Miezi 96 inaleta Sh1,920,000, na asilimia 30 yake ni Sh576,000. Kampuni ya bima itaitisha vitabu vya mishahara na kuvilinganisha na fomu. Jina halimo, wala kazi ya vibarua haikutajwa. Kampuni huenda ikakataa dai hilo kabisa, au ikalivuta kwa miezi huku ikidai ada iliyofichwa. Mkurugenzi wa Usalama, kwa upande wake, hana habari na mvutano huo, kwani mdaiwa wake ni mwajiri. Karakana ya mafundi wanne haina Sh576,000 za kutoa kwa mpigo. Huuza mashine, na mafundi wanne waliobaki hukosa kazi pamoja na yule aliyekosa mkono.

Si lazima mwajiri ajue majina ya vibarua wote mapema. Kampuni nyingi hukubali sehemu ya fomu inayosema "vibarua", idadi ya wastani kwa siku, na makisio ya ujira wao kwa mwaka. La muhimu ni kuweka daftari la kila siku lenye jina, nambari ya kitambulisho, kazi aliyofanya na kiasi alicholipwa, ikiwezekana na saini yake. Malipo kwa simu yanasaidia hapa, maana huacha rekodi. Daftari hilo la shilingi mia ndilo litakalosimama ushahidi.

Hata neno mapato lina maana pana kuliko ilivyo mazoea. Sheria hujumuisha thamani ya chakula au makao ambayo mwajiri humpa mfanyakazi, na marupurupu yanayolipwa kwa kawaida. Malipo ya saa za ziada zinazotokea kwa nadra, au bahashishi ya sikukuu, hayahesabiwi. Mwenye shamba anayewapa vibarua nyumba na unga, kisha akaandika pesa taslimu tu kwenye fomu, ameandika pungufu bila kujua.

Kiasi kilichoandikwa mwanzoni ni makisio. Mwaka ukiisha, mwajiri huwasilisha ujira halisi uliolipwa, na ada husawazishwa: akiwa alilipa wafanyakazi zaidi huongeza, akiwa alilipa kidogo huenda akarudishiwa sehemu kulingana na mkataba. Kwa sababu hiyo hakuna haja ya kukisia chini kwa hofu.

Lingine ni kwamba bima haianzi siku ya kujaza fomu. Sheria ya Bima inazuia kampuni kubeba hatari kabla ya kupokea ada, kwa hivyo bima ya ahadi haipo. Anayetarajia mashine mpya Jumatatu alipe kabla ya Jumatatu. Makubaliano ya kulipa kwa awamu yawepo kwa maandishi, na awamu zisipitishwe.

Mkataba ukifika, na wengi hawaufungui, kurasa mbili zinafaa kusomwa kwa makini hata kama nyingine zitarukwa. Ya kwanza ni yenye viwango vya juu vya malipo, hasa ya matibabu. Sheria inamtwika mwajiri gharama zote zinazofaa za matibabu, ilhali mkataba huweka kikomo kwa kila mtu. Kikomo kikiwa Sh100,000 na bili ya hospitali ikawa Sh400,000, tofauti ni ya mwajiri. Kwa kazi za hatari ni afadhali kuongeza ada kidogo na kuinua kikomo hicho. Ya pili ni ile yenye vighairi: mahali au kazi ambazo kampuni imesema haitalipia. Fundi wa dirisha za vyuma ambaye mkataba wake unaishia mlangoni mwa karakana hana bima akiwa orofa ya tano ya mteja akifunga dirisha hizo.

Katika soko hilo hilo huuzwa bima za majina yanayokaribiana. Ile ya kawaida ya WIBA hulipa ajali zilizotokea kazini pekee. Ipo inayouzwa kwa jina la "WIBA Plus", ambayo humkinga mfanyakazi saa 24, hata akiumia nyumbani au akicheza mpira Jumapili. Ni nzuri kwa anayeimudu, lakini sheria haimlazimishi mwajiri kufika huko. Kwa upande mwingine, bima ya ajali ya kikundi yenye kiwango kimoja kwa kila mtu, kama vile Sh500,000 akifariki, haitoshi kutimiza sheria. Aliyekuwa akilipwa Sh20,000 wategemezi wake wanastahili Sh1,920,000.

Ajali ikitokea, saa zinaanza kuhesabiwa. Mwajiri ndiye anayefaa kupanga usafiri wa majeruhi hadi hospitalini, bila kungoja idhini ya mtu. Mfanyakazi akifariki, afisa wa usalama na afya kazini wa eneo hilo anafaa kuarifiwa ndani ya saa 24 na maandishi yafuate ndani ya siku saba. Kwa ajali nyingine, ripoti iwasilishwe kwa Mkurugenzi ndani ya siku saba tangu mwajiri apate habari. Hutumika fomu maalumu ambayo wengi bado huiita kwa jina lake la kale, LD 104. Mwajiri hujaza sehemu yake na daktari ya kwake.

Kampuni ya bima nayo iarifiwe upesi, kwa muda uliowekwa kwenye mkataba, ambao huenda ukawa mfupi kuliko ule wa sheria. Waajiri wengine hungoja waone kama kidonda kitapona "ili wasiharibu rekodi". Kidonda kisipopona, kampuni hupata sababu ya kukataa dai lililochelewa.

Vilevile kuna mtindo wa kumwita majeruhi kando, kumpa elfu kumi na kumtilisha saini karatasi ya kwamba hatadai lolote. Karatasi hiyo haina nguvu, kwani haki ya fidia chini ya sheria hii haiuzwi kwa mapatano ya pembeni. Mfanyakazi ana miezi 12 tangu siku ya ajali ya kuwasilisha dai lake, na anaweza kulileta akiwa tayari amezila zile elfu kumi.

Jeraha likishatulia, daktari hutaja asilimia ya ulemavu, Mkurugenzi hukadiria fidia na kumwandikia mwajiri, naye hupeleka barua hiyo kwa kampuni ya bima. Dai linafaa kulipwa ndani ya siku 90. Fedha hupitia kwa Mkurugenzi, ambaye ana siku 30 za kumfikishia mwenyewe au wategemezi wake.

Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi, awe mwajiri au mfanyakazi, anaweza kuupinga kwa maandishi ndani ya siku 60. Mkurugenzi hutakiwa kujibu ndani ya siku 14, na baada ya jibu hilo kuna siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Leba. Mwajiri asiyepinga katika muda huo huwa amekubali kiasi kilichokadiriwa.

Bima hii hudumu mwaka mmoja na haijihuishi yenyewe. Mwezi mmoja kabla ya kuisha, mwenye biashara anafaa kutoa lile daftari, ajumlishe ujira wa mwaka, na aandike upya orodha ya kazi: huenda mwaka jana alikuwa na mafundi wa viti pekee, na sasa ana gari la kupeleka mizigo, dereva na turnboi. Hao wawili wasipoandikwa, hawatakuwa na bima.